Jumamosi Yako Ni ya Nani? Somo Kuhusu Kujitolea



Leo naomba tujifunze pamoja kuhusu kujitolea. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, nimelelewa na TYCS tangu sekondari. Kabla hujaendelea, chukua Biblia yako usome Mathayo 25:31-46. Soma taratibu, usikimbie.

1. Mfalme anauliza nini?

Angalia orodha yake: mwenye njaa, mwenye kiu, mgeni, asiye na nguo, mgonjwa, mfungwa. Hakuna swali kuhusu vyeti wala nafasi ya uongozi. Tena wale wa kushoto hawashtakiwi kwa kuiba au kuua. Kosa lao ni kwamba walipita tu, hawakufanya kitu. Ndiyo maana katika sala ya Nakuungamia tunaungama hata yale mema tuliyoacha kuyatenda.

Na kumtembelea mgonjwa hakuhitaji hela nyingi. Kunahitaji muda. Sasa hapo ndipo sisi wanafunzi tunapobanwa, maana hela hatuna, lakini muda tunao.

2. Wanafunzi waliotutangulia

Frédéric Ozanam alikuwa kijana wa Kifaransa aliyekwenda Paris kusoma sheria. Katika midahalo yao, wenzake wasioamini walimbana: zamani Kanisa lilitenda mema, sawa, lakini leo ninyi mnafanya nini? Hakuishia kujibu kwa maneno. Tarehe 23 Aprili 1833, siku aliyotimiza miaka 20, yeye na wenzake wachache walikutana wakaanza kuwahudumia maskini. Mtawa Rosalie Rendu, aliyewajua watu wa mtaa wa Mouffetard kwa miaka mingi, aliwaonyesha nyumba za kwenda na namna ya kuwaheshimu wenye nyumba. Hicho ndicho chanzo cha Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, ambacho leo kiko duniani kote. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Ozanam Mwenyeheri mwaka 1997.

Wa pili ni Pier Giorgio Frassati wa Turin, Italia, mwanafunzi wa uhandisi wa migodi. Alijiunga na chama hichohicho mwaka 1918. Kwao walikuwa na uwezo, lakini pesa zake za nauli mara nyingi ziliishia kwa maskini, naye akarudi nyumbani kwa miguu. Aliugua polio akafa tarehe 4 Julai 1925, ana miaka 24 tu. Akiwa kitandani, mkono umeshaanza kupooza, aliandika kikaratasi kuomba dawa za mgonjwa mmoja maskini zisisahauliwe. Siku ya mazishi maskini walijaa barabarani, na ndipo familia yake ilipojua alikuwa anafanya nini. Papa Leo XIV alimtangaza Mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025.

Jamani, hawa walikuwa na mitihani kama sisi!

3. Ahadi yangu

Mimi na mwenzangu mmoja tumeweka Jumamosi, saa tatu hadi saa sita. Mwenyekiti wa Jumuiya Ndogo Ndogo alitupeleka kwa bibi mmoja anayelea wajukuu watatu. Tulipomaliza shikamoo tukamwuliza, "Bibi, tukusaidie nini?" Akasema, "Wajukuu zangu, maji nitachota polepole. Ila huyu yuko darasa la tano na kusoma hajui. Nikifa mimi, huyu atashika nini?"

Basi tukaanza na silabi. Ba, be, bi. Mmoja anafundisha, mwingine anachota maji, wiki inayofuata tunabadilishana. Wenzetu bwenini wanatucheka: "Bumu lenyewe halitoshi, nyie mnagawa muda bure." Wiki za mitihani tunakwenda kwa zamu, saa moja moja.

Kinachonisumbua sasa ni kwamba karibuni tunakwenda mafunzo kwa vitendo, wiki nane. Mtoto ameshaanza kusoma sentensi fupi, na juzi ameuliza, "Mtarudi?" Kwa hiyo tumemtambulisha kwa kijana mmoja wa VIWAWA anayeishi mtaa huohuo, amekuja nasi Jumamosi mbili ili mtoto amzoee. Bado sijui kama itatosha. Ila najua huyu mtoto asiachwe njiani kwa sababu ya ratiba yangu.

4. Ukitaka kuanza

- Usiende peke yako. Nendeni wawili, na mpitie kwa viongozi wa jumuiya au paroko, hasa panapokuwa na watoto.
- Uliza kwanza. Mwenye shida anaijua shida yake kuliko wewe.
- Ahidi kidogo, utimize. Saa moja kila wiki ni bora kuliko siku nzima mara moja kwa mwaka.
- Picha acha. Shida ya mtu siyo ya kuweka status.
- Soma kwa bidii. Kujitolea kusiwe kisingizio cha kufeli.
- Andaa wa kukupokea kabla hujaondoka.

Maswali ya kutafakari

1. Ni nani jirani na shule au chuo chako ambaye unampita kila siku?
2. Ni saa ngapi katika wiki yako unaweza kuitoa bila kuirudisha?
3. Je, kuna mtu uliyeanza kumsaidia ambaye bado anakungoja?

Tusali

Ee Yesu, unatungoja katika nyumba ambazo hatujabisha hodi. Tupe macho ya kukuona, miguu ya kwenda, na uaminifu wa kurudi wiki ijayo. Amina.

Mtakatifu Pier Giorgio Frassati, utuombee.
Mwenyeheri Frédéric Ozanam, utuombee.