Kutoka Mwalimu wa Malezi hadi Mnasihi wa Shule: Mafunzo ya Uzamili na Mahitaji ya Mkoa wa Katavi

Utangulizi

Mkoa wa Katavi, wenye makao makuu mjini Mpanda, ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Rukwa. Miaka michache baadaye, utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2015–16 ulionyesha kwamba asilimia 45 ya wasichana wa mkoa huo wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa wajawazito. Wastani wa taifa ulikuwa asilimia 27, na hakuna mkoa uliozidi Katavi. Utafiti wa 2022 ulionyesha kuwa wastani wa taifa ulishuka hadi asilimia 22, lakini Katavi ulibaki juu ya wastani huo.

Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwamo waliopata ujauzito, wataruhusiwa kurejea shuleni, na uamuzi huo ukawekwa katika Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021. Mlango wa shule ulifunguliwa. Swali lililobaki ni nani anayempokea mwanafunzi anapouvuka, na mtu huyo amefundishwa nini. Makala haya yanaeleza tofauti kati ya mwalimu wa malezi na mnasihi wa shule, yaliyomo katika mafunzo ya uzamili, na namna mwalimu aliyeko Katavi anavyoweza kuyaendea.

Mwalimu wa malezi na mnasihi

Katika shule nyingi za Tanzania, kazi ya ushauri na unasihi hufanywa na mwalimu wa malezi. Mara nyingi huteuliwa kwa sababu ya umri, busara au upole wake, huku akiendelea kubeba vipindi vyake darasani. Sifa hizo ni za thamani, lakini hazitoshi.

Kushauri ni kumpa mtu maarifa au mwelekeo: tahasusi ipi aichague, chuo kipi kinafundisha uuguzi. Unasihi ni uhusiano wa kitaalamu ambao ndani yake mnasihiwa husaidiwa kuitazama hali yake na kufikia uamuzi wake mwenyewe. Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza mwaka 1957 kwamba mnasihi anahitaji kuwa mkweli nafsini mwake, kumkubali mnasihiwa bila masharti, na kumwelewa kana kwamba anatazama kwa macho yake.

Sharti la pili ndilo gumu zaidi shuleni. Kanuni za nchi humruhusu mkuu wa shule, au mwalimu aliyemwidhinisha, kutoa adhabu ya viboko. Mwanafunzi aliyechapwa asubuhi hawezi kutarajiwa kumfungulia moyo jioni mwalimu yuleyule. Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo mafunzo humfundisha mwalimu ni kutambua mgongano wa majukumu, na kumwomba mkuu wa shule amwondoe katika kamati ya nidhamu.

Yaliyomo katika mafunzo ya uzamili

Nchini Marekani, majimbo mengi humtaka mnasihi wa shule awe na shahada ya uzamili. Programu zilizoidhinishwa huko humtaka mwanafunzi atimize saa 100 za mazoezi ya awali, kisha saa 600 za mafunzo kazini, zote chini ya msimamizi. Afrika Mashariki, Chuo Kikuu cha Kenyatta na Chuo Kikuu cha Egerton nchini Kenya hufundisha ushauri na unasihi katika ngazi ya uzamili. Na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili hutoa uzamili wa saikolojia ya tiba, taaluma jirani inayojikita zaidi katika maradhi ya akili.

Majina ya kozi hutofautiana, lakini msingi wake hukaribiana:

1. Saikolojia ya makuzi: mabadiliko ya mwili, fikra na hisia za mtoto na kijana balehe.
2. Nadharia na stadi za unasihi wa mtu mmoja na wa kikundi.
3. Upimaji: kutambua dalili za sonona, wasiwasi na hatari ya kujiua, na kujua lini mwanafunzi apewe rufaa.
4. Maadili na sheria, hasa ridhaa, usiri na ulinzi wa mtoto.
5. Utafiti, ambao humalizikia katika tasnifu.
6. Mazoezi kwa vitendo chini ya usimamizi.

Kipengele cha sita ndicho kinachotenganisha mafunzo na usomaji wa kawaida. Mwanafunzi hukaa na wanasihiwa halisi, kisha hueleza alichosikia, alichosema na alichokwepa. Msimamizi humwonyesha mahali alipotoa hukumu akidhani ametoa faraja.

Mfano wa kujifunzia: siri na saa 72

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya somo. Mwanafunzi wa kidato cha pili, kutoka kijiji kilicho mbali na shule, amepanga chumba mjini Mpanda. Jumatatu anamwendea mwalimu wa malezi na kusema, “Mwalimu, nina jambo, lakini naomba usimwambie mtu yeyote.” Mwalimu anajibu, “Sitamwambia mtu, mwanangu.” Ndipo binti anaeleza kwamba Jumamosi usiku alibakwa na mtu anayemfahamu.

Mwalimu huyu, kwa nia njema, ametoa ahadi asiyoweza kuitimiza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 humtaka mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa kuzifikisha kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Tena muda unakwenda: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanza kutumika ndani ya saa 72 tangu tukio, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa zaidi. Dawa za dharura za kuzuia ujauzito hufanya kazi ndani ya saa 120. Mwalimu akiishika siri hadi Alhamisi, fursa ya kwanza imepotea. Akiitangaza ofisini, binti hatarudi kwake, na pengine hatarudi shuleni.

Mnasihi aliyefunzwa huanza mahali pengine. Kabla ya kusikiliza, husema: “Utakayoniambia yatabaki hapa, isipokuwa nikiona maisha au usalama wako umo hatarini. Hapo nitakueleza kwanza ninayemwendea, na kwa nini.” Baada ya kusikiliza, humsindikiza binti hospitalini siku hiyohiyo, huwasiliana na afisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na huwaambia walimu wengine lile tu wanalolazimika kulijua. Namba 116, Simu ya Mtoto, ni njia nyingine ya kuomba msaada.

Njia ya mwalimu wa Katavi

Mwalimu mwenye shahada ya kwanza anayetaka kuendelea ahakikishe mambo matatu: chuo kinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, mwajiri ametoa ruhusa ya masomo kwa maandishi, na kozi ina mazoezi yenye msimamizi, si nadharia pekee. Masomo kwa njia ya masafa humwezesha kubaki kituoni, lakini stadi za unasihi hazikamiliki bila kukaa ana kwa ana na mnasihiwa.

Mazingira ya mkoa nayo ni somo. Katumba na Mishamo ni makazi ya jamii zilizotoka Burundi mwaka 1972, na wengi wao walipata uraia wa Tanzania mwaka 2014. Wapo pia Wapimbwe, Wabende, Wakonongo, na wafugaji wa Kisukuma waliohamia. Mnasihi anayefahamu namna kila jamii inavyozungumzia ndoa, uzazi na aibu atasikia hata lile ambalo mwanafunzi hakulitamka.

Maswali ya kujipima

1. Eleza tofauti kati ya kushauri na kunasihi.
2. Kwa nini mnasihi hapaswi kuwa mjumbe wa kamati ya nidhamu?
3. Andika, kwa maneno yako, kauli ya kumweleza mwanafunzi mipaka ya usiri kabla hajaanza kuzungumza.
4. Katika shule yako, mwanafunzi akitoa taarifa ya ubakaji saa nane mchana, nani atamsindikiza hospitalini, na kwa usafiri gani?