Mbona wa Kwangu Bado Hajakaa?

SOMO LA MWEZI KWA AKINA MAMA, AKINA BABA NA WASIMAMIZI WA UBATIZO

Soma: 1 Samweli 1:1–28 na 2:18–21, Marko 9:14–29.

Kusudi la somo: Kutambua tofauti kati ya wasiwasi unaomtafuna mzazi bure na uangalifu unaomsaidia mtoto, na kujifunza kuuliza mapema.



Jumapili baada ya ibada, akina mama wenye watoto wachanga hukutana kivulini nje ya kanisa. Maswali yao ni yale yale: "Wako ana miezi mingapi sasa? Amekaa? Ameota meno?" Maswali haya huulizwa kwa upendo, wala si dhambi kuyauliza. Lakini mara nyingi yuko mama mmoja ambaye hujibu kwa sauti ndogo, akamfunika mtoto wake kwa kanga, akaondoka mapema. Jumapili ijayo haonekani. Amebaki nyumbani na wasiwasi wake. Somo hili ni kwa ajili yake, tena ni kwa ajili yetu sisi tuliomwuliza.

1. Hana na kanzu ndogo

Twamjua Hana kwa sala yake na kwa machozi yake. Tukumbuke pia kwamba alikaa nyumba moja na Penina mwenye watoto, ambaye alimchokoza mwaka baada ya mwaka. Hana alijua uchungu wa kupimwa kwa watoto wa mwenzake.

Samweli alipozaliwa, wakati wa safari ya kila mwaka ya kwenda Shilo ulifika, na jamaa yote ikapanda kwenda. Hana hakwenda. Alisema atangoja mpaka mtoto aache ziwa. Hakuifuata kalenda ya watu, bali aliangalia hali ya mtoto wake. Naye Elkana mumewe hakumkaripia. Alimwachia afanye aonavyo kuwa vema. Kisha, mtoto alipokwisha kukaa hekaluni, mama yake alimshonea kanzu ndogo na kumpelekea kila mwaka.

Fikiri juu ya kanzu ile. Kanzu ya mwaka jana haimfai tena mtoto anayekua, na kanzu ya mtoto wa jirani si kipimo chake. Mama hukata nguo kwa kipimo cha mtoto wake mwenyewe. Lakini angalia jambo la pili: ili kushona kanzu, lazima mama apime. Hana hakukaa tu na kusema, "Mungu atajua." Haya ndiyo mambo mawili ya somo letu: tusiwapime watoto wetu kwa watoto wa wenzetu, wala tusiache kuwapima.

2. Kila mtoto ana wakati wake, lakini wakati una mpaka

Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa watoto 816 wenye afya katika nchi tano: Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani. Waliangaliwa tangu wakiwa na miezi 4 mpaka walipotembea. Ilionekana kwamba watoto wazima hupishana sana. Wako waliokaa bila kushikwa karibu na mwezi wa 4, na wako waliokaa katika mwezi wa 9. Kutambaa kwa mikono na magoti kulianza kwa wengine mwezi wa 5, na kwa wengine baada ya mwezi wa 13. Kutembea peke yao, wengine walianza mwezi wa 8, na wengine walipokaribia miezi 18. Tena katika kila watoto 100, karibu 4 hawakutambaa kwa magoti kabisa. Walifuata njia yao, wakasimama dede, wakatembea.

Basi mama ambaye mtoto wake ana miezi 7 na hajakaa, naye ni mchangamfu, anacheka, anashika vitu na kugeukia sauti, hana sababu ya kukosa usingizi. Lakini mtoto wa miezi 10 asiyeweza kukaa yafaa aonwe na daktari, hata kama bibi yake asema, "Baba yake naye alichelewa." Huenda bibi asema kweli. Lakini acheni aliyefundishwa kazi hiyo amwangalie.

3. Mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake

Mimba huhesabiwa wiki 40. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 ni njiti, naye apewe hesabu yake. Kwa mfano, mtoto aliyezaliwa katika wiki ya 32 aliwahi kwa wiki 8. Akiwa na miezi 6 tangu kuzaliwa, tumtazamie mambo ya mtoto wa miezi 4 tu. Hesabu hii hutumiwa mpaka afike umri wa miaka 2. Hata hivyo chanjo zake hafuati hesabu hiyo. Huchanjwa kwa kufuata siku aliyozaliwa.

4. Mfano wa watoto wawili

Tuseme watoto wawili wamebatizwa siku moja. Wa kwanza ni mwembamba, alizaliwa njiti. Amefika miezi 8 naye bado huegemezwa kwa mito. Watu wote wanamtazama yeye. Wa pili ni mnene na mpole. Amekaa mapema, halii ovyo, na hata kengele ya kanisa ikipigwa hashtuki. Watu husifu: "Mtoto huyu hana taabu kabisa!"

Wa kwanza akipunguziwa miezi yake, yuko sawa. Atakaa. Wa pili ndiye aliyehitaji kuangaliwa, maana huenda hasikii. Mtoto asiyesikia hulia na kutoa sauti katika miezi ya kwanza kama wenzake, kwa hiyo nyumba nzima haitambui. Zinakosekana tu zile sauti za "ba-ba-ba" na "da-da-da" ambazo wenzake huzitoa kabla ya kutimiza mwaka. Akigunduliwa mapema hupata msaada: vifaa vya kusikilizia, au lugha ya alama, yeye pamoja na wazazi wake. Akigunduliwa ana miaka 5, miaka ile ambayo mtoto hujifunza lugha upesi kuliko yote imekwisha kupita. Ndiyo maana kulinganisha watoto hakutufai. Huwaumiza wazazi wasio na sababu ya kuogopa, na huwalaza usingizi wale wanaopaswa kuamka.

5. Siku za kliniki ni siku za kuuliza

Katika Tanzania mtoto hupelekwa kliniki kwa chanjo akiwa na wiki 6, wiki 10, wiki 14, miezi 9 na miezi 18, mbali na kupimwa uzito mwezi kwa mwezi. Wengi wetu huenda, mtoto akachomwa sindano, kadi ikaandikwa, tukarudi. Tutumie siku hizo kwa kuuliza pia.

Wiki ya 6: Je, anautazama uso wako? Anashtuka kwa kishindo? Ameanza kutabasamu anapochekewa? Wengi huanza kati ya wiki ya 6 na ya 8. Asipotabasamu kabisa hata miezi 3, sema.

Wiki ya 14: Je, anafuata kitu kwa macho? Shingo inaanza kukaza? Ifikapo miezi 4 kichwa kisiwe kinaanguka anapoinuliwa.

Miezi 9: Je, anakaa? Anahamisha kitu toka mkono huu kwenda mkono huu? Anageuka akiitwa jina lake?

Miezi 18: Je, anatembea? Anakuonyesha kitu kwa kidole? Ana maneno machache?

Yako mambo ambayo hayangoji siku ya kliniki. Mpeleke mtoto mara moja ukiona kichwa kinakua haraka kupita kiasi, mwili mlegevu kama kitambaa au mgumu kama ubao, mtoto wa chini ya mwaka mmoja anayetumia mkono mmoja tu, weupe ndani ya mboni ya jicho, degedege, au mtoto aliyeacha jambo alilokuwa akiliweza. Hili la mwisho lishikeni sana. Mtoto aliyechelewa ni jambo moja. Mtoto aliyekuwa akikaa na sasa hakai ni jambo jingine.

6. Swali aliloliuliza Bwana Yesu

Katika Marko sura ya 9 baba mmoja alimleta mwanawe aliyekuwa akianguka na kutoka povu. Kabla ya kumponya, Bwana Yesu alimwuliza yule baba hali hiyo ilimpata mtoto tangu lini. Baba akajibu kwamba ni tangu utoto wake. Yeye ajuaye yote aliuliza swali ambalo mwuguzi wa zahanati huuliza! Wala hakumlaumu yule baba kwa kuchelewa.

Tuone mambo matatu hapa. Kwanza, aliyemleta mtoto ni baba. Kliniki si kazi ya mama peke yake, nanyi akina baba mnaweza kushika kadi na kukumbuka tarehe. Pili, baba alijua jibu, kwa sababu alikuwa akiangalia. Tatu, alikuja na hofu yake na upungufu wa imani yake, akavisema vyote viwili mbele ya Bwana, naye hakufukuzwa. Wengine hudhani kwamba kumpeleka mtoto kwa daktari ni kukosa imani. Sivyo. Kuomba na kuuliza ni mikono miwili ya mzazi mmoja.

7. Tusimtwishe mama lawama

Mahali pengi mtoto akidhoofika au akichelewa kutembea, watu husema amebemendwa, yaani wazazi wamevunja miiko ya kunyonyesha. Mara nyingi anayenyoshewa kidole ni mama. Wengine husema amerogwa. Wengine humfukia mtoto mchangani hadi kiunoni ili miguu ipate nguvu. Maneno haya hayamponyi mtoto. Humfanya mama aone haya, naye akiona haya humficha mtoto ndani. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humfichua. Uchelewaji wa mtoto waweza kutokana na kuzaliwa njiti, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, manjano makali, homa ya uti wa mgongo, malaria iliyopanda kichwani, utapiamlo, au namna alivyoumbwa tumboni. Hakuna hata kimoja katika hivyo kinachotibiwa kwa kunyoshewa kidole.

Tunaweza kusaidia kwa mambo madogo. Mtoto asishinde amefungwa mgongoni au amelazwa chali. Akiwa macho, mlaze kifudifudi juu ya mkeka, ukiwa karibu naye, ainue kichwa. Akilala usingizi, mlaze chali. Mwimbie. Mjibu anapotoa sauti, kama vile mnazungumza. Mpe kijiko na kikombe acheze. Vigari vya kujifunzia kutembea havimharakishi, na vimewaangusha wengi.

8. Ikiwa kweli kuna tatizo

Si kila mtoto anayecheleweshwa na ugonjwa atapona kabisa, wala haifai tuahidi hivyo. Lakini msaada wa mapema hubadili mengi. Mtoto mwenye kichwa kikubwa au mgongo wazi huweza kupasuliwa. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, hufanya kazi hiyo. Mguu uliopinda tangu kuzaliwa hunyoshwa kwa bandeji za plasta kuanzia wiki za kwanza. Mwenye mtindio wa ubongo hufundishwa kukaa na kula, na mama hufundishwa namna ya kumbeba.

Nasi kanisa, tulisimama siku ya ubatizo wake. Hatukumpokea kwa sharti kwamba atatembea. Mefiboshethi mwana wa Yonathani alilemaa miguu alipokuwa na miaka mitano, naye alikula mezani pa mfalme Daudi siku zote (2 Samweli 9). Hakuletewa chakula chumba cha nyuma. Basi mtoto asiyekaa na aletwe kanisani, apakatwe na mwingine mama yake apumzike, na wasimamizi wake waulize, "Kliniki ni lini? Tutakwenda pamoja." Swali hilo ni bora kuliko, "Mbona hajakaa?"

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Hana alifanya nini kilichokuwa tofauti na desturi ya jamaa yake? Elkana alimsaidiaje?

2. Ni maneno gani tunayoyasema kwa mama mwenye mtoto mchanga ambayo yangefaa tuyaache?

3. Je, katika mtaa wetu yuko mtoto ambaye haletwi kanisani? Nani atamtembelea juma hili?

4. Akina baba: mnajua tarehe ya kliniki ijayo ya watoto wenu?

Sala

Ee Baba wa mbinguni, uliyempokea Samweli mikononi mwa mama yake, na ambaye Mwanao alipakatwa akiwa mtoto mchanga: uwaangalie watoto wetu wadogo, wanaowahi na wanaochelewa. Uwape wazazi wao macho ya kuona, ujasiri wa kuuliza, na moyo usioona haya. Uwape waganga na wauguzi subira na ustadi. Utufanye sisi tulio kanisa lako kuwa kivuli cha kupumzikia, si mahali pa kupimwa. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.