KISU KILICHOKWARUZIKA: JINSI YA KUKIRUDISHIA USO WAKE



Somo letu safari hii linahusu chombo ambacho hapana nyumba ya mkulima isiyokuwa nacho, yaani kisu. Yatakayoelezwa hapa yanafaa pia kwa panga tunazofyekea chini ya mikarafuu kabla ya msimu, maadamu ni za chuma cha kaboni.

Chuma cha kaboni ni kile kinachobadilika rangi ukikatia ndimu. Visu vyeupe vinavyong'aa siku zote vimechanganywa na madini ya kromiamu, na chuma cha namna hiyo kilipata sifa baada ya mwaka 1913, kwa kazi ya Harry Brearley wa mji wa Sheffield, Uingereza. Havishiki kutu upesi, lakini wengi wetu twajua kwamba kisu cha kaboni hunoleka kwa urahisi zaidi, na ndiyo maana wazee hawakukiacha.

Sababu ya kuandika somo hili ni kwamba mwanachama mwenzetu alikuja ofisini na kisu alichoachiwa na marehemu kaka yake, aliyekuwa akipasua samaki huko Nyegezi, upande wa kusini wa mji wa Mwanza, pale penye chuo cha uvuvi na stendi kubwa ya mabasi. Kisu kile kilifanya kazi miaka mingi kando ya Ziwa Viktoria. Kilipasua sangara na sato, kikaoshwa kwa maji ya ziwa, kikafutwa na kutundikwa, na uso wake ukawa wa kijivu kilichokolea, kama moshi. Kilipoletwa huku kisiwani, wiki chache tu kikajaa madoa mekundu. Mwenyewe akakisugua kwa mchanga wa pwani na kumbi la nazi. Kutu ikatoka, lakini uso ukabaki na mikwaruzo ya kila upande, na baada ya siku tatu kutu ikarudi, safari hii ndani ya mikwaruzo yenyewe. Alipopita kwetu alikuwa njiani kukipeleka kwenye jiwe la umeme.

Kwa nini kisu hicho hicho kisipate kutu Nyegezi kikaipata kwetu? Maji ya ziwa ni matamu, na upepo wake hauna chumvi. Upepo wetu una chumvi, na chumvi huvuta unyevu na kuushikilia juu ya chuma hata siku ya jua. Kadhalika, ile rangi ya kijivu haikuwa uchafu. Ilikuwa ngozi nyembamba iliyoganda juu ya chuma kwa miaka ya kazi, nayo hupunguza nguvu ya kutu nyekundu. Kutu nyekundu hufura na kubanduka, ikaacha chuma kipya wazi kiliwe tena. Ngozi ya kijivu au nyeusi hubaki imeshikamana. Mchanga uliiondoa ngozi hiyo, kisha ukachimba vijifereji ambamo maji na chumvi hujificha, kitambaa kisivifikie. Kwa hiyo anayetaka kurudisha uso wa kisu ana kazi mbili: kulainisha vijifereji hivyo, kisha kuotesha ngozi upya.

Kwanza niseme juu ya jiwe la umeme. Kisu kizuri hutiwa moto na mhunzi, kikazamishwa ili kiwe kigumu, kisha kikapashwa tena kwa kiasi ili kisivunjike. Jiwe linalozunguka kwa kasi huchemsha chuma chembamba kwa nukta chache. Ukiona rangi ya buluu kwenye makali, jua kwamba joto limefika kiasi cha digrii 300, na ugumu wa pale umepungua. Hapana kunoa kutakakourudisha. Ni mpaka mhunzi akitie moto upya. Mikwaruzo ni aibu ya uso tu, lakini makali yaliyolegea ni hasara ya kisu kizima.

Sasa kazi yenyewe. Osha kisu kwa sabuni na maji ya moto. Palipo na kutu paka siki, ngoja dakika chache, sugua kwa kitambaa, kisha suuza kwa maji yenye magadi kidogo ili ukali wa siki ufe. Kausha. Funga makali kwa kitambaa kinene, na ulaze kisu juu ya ubao ulionyooka, bapa likiwa juu.

Tumia msasa wa maji uliozungushiwa kipande cha mti, usitumie vidole vitupu. (Vijana wengi hawajui kwamba msasa ni jina la mti, ambao majani yake makavu mafundi walilainishia mbao kabla karatasi hizi hazijaja.) Anza na msasa laini, namba 800. Ukiona mikwaruzo haipungui, ndipo ushuke namba 600, au 400. Watu hufanya kinyume: huanza na ule mkali kabisa, wakaongeza mikwaruzo mipya juu ya ile ya zamani.

Sugua kwa upande mmoja tu, kufuata mistari ya asili ya kisu. Ikiwa mistari hiyo imefutika, fuata urefu wa kisu, kutoka mpini kwenda kwenye ncha. Usizungushe mkono. Tia maji yenye tone la sabuni, na ukae mbali na makali. Usipande namba ya juu mpaka alama za msasa uliotangulia zimetoweka zote. Kutoka 400 nenda 600, kisha 800, kisha 1000. Kwa kisu cha kazi hapo panatosha.

Mkwaruzo unaoshika ukucha, uache. Ili kuuondoa itabidi kupunguza bapa zima, na chuma kilichoondoka hakirudi. Hili ndilo gumu kulikubali, hasa kwa mtu mwenye subira na msasa mwingi.

Kisha ngozi. Futa kisu kwa spiriti ili kisibaki na mafuta. Pasha siki moto, ichanganye na chai ya rangi iliyokolea sana, na upake kwa kitambaa, nyembamba na sawasawa. Ngoja dakika 10 au 15, suuza kwa maji ya magadi, kausha. Fanya hivyo mara tatu na bapa litageuka kijivu. Asiye na haraka na akatie tu vitunguu na maembe, akiosha na kukausha kila mara, na rangi itakuja yenyewe. Ndimu iliyoachwa juu ya kisu usiku kucha haileti rangi hiyo, huleta kutu.

Mwisho ni mafuta. Kwa kisu cha jikoni mafuta ya nazi yatosha, tone moja lililofutwa mpaka lisionekane. Hapa pana jambo litakalowafurahisha wakulima wa karafuu. Wajapani, ambao kwa kutunza panga hawana mfano, hupaka panga zao mafuta yaitwayo choji, na choji kwa lugha yao ni karafuu. Siku hizi sehemu kubwa ya mafuta hayo ni mafuta ya madini, na ya karafuu ni kidogo tu. Basi mtu asipake mafuta matupu ya makonyo kama yatokayo kiwandani Wawi: ni makali, huunguza ngozi ya mtu na kuharibu mipini ya plastiki. Matone machache katika kikombe cha mafuta ya nazi hayana dhara.

Niongeze kwamba chuma cha kaboni si kigeni katika nchi zetu. Peter Schmidt na Donald Avery, wataalamu wa Marekani, waliandika mwaka 1978 kwamba wahunzi wa Buhaya, upande wa magharibi wa ziwa lile lile la Nyegezi, walikuwa wakikiyeyusha katika matanuru yao kiasi cha miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita.

Kisu cha mwenzetu kilichukua jioni mbili. Mikwaruzo miwili karibu na mpini ingalipo, nayo imeachwa. Mwanachama anayetaka kukiona kabla ya kufanya chake na aulize ofisini. Mwenyewe ameridhia kukileta.

Katibu