Ufunguo Mmoja kwa Vitasa Viwili

Wengi wetu hufungua mlango kila siku pasipo kujiuliza ufunguo wafanya kazi gani humo ndani. Nami nilikuwa hivyo hivyo mpaka likizo iliyopita, nilipomsaidia mjomba wangu kutengeneza gari la marehemu babu. Ni Morris Minor, aina iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1948, nayo ndiyo gari la kwanza la Kiingereza kufikisha idadi ya milioni 1.

Babu alituachia ufunguo mmoja tu, uliolika kwa kushikwa miaka mingi. Huo ndio uwashao gari. Lakini kitasa cha mlango kilikuwa kimevunjika, na kile tulichonunua kwa muuza vipuri kilikuja na ufunguo mwingine. Bibi, ambaye gari hili humpeleka kliniki, hakupendezwa. Akasema, "Babu yenu alitembea na ufunguo mmoja. Msinitwishe shada la funguo."

Basi tukakifungua kitasa. Ndani yake mna sehemu mbili: ganda lisilogeuka, na kiini kigeukacho. Ndani ya kiini mna vibamba vyembamba vya shaba, kila kimoja na springi yake. Ufunguo ukiwa nje, springi husukuma vibamba vikachomoza na kuingia katika mfuo wa ganda, hata kiini kisiweze kugeuka. Kila kibamba kina tundu katikati, na matundu hayo hayalingani kimo. Ufunguo wa haki ukiingia, meno yake huvivuta vibamba vyote vikawa sawasawa na uso wa kiini, ndipo kigeuke.

Kwanza tulitazama kama ufunguo wa babu waweza kuingia katika kiini, maana mifuo ya ubavuni isipolingana, hapana la kufanya. Ukaingia, ila vibamba vitatu vikabaki vimechomoza. Mimi nikachukua tupa, nikavisugua juu na chini mpaka vikalingana. Ufunguo ukageuka. Nikafurahi mno.

Mjomba hakusema neno. Alichukua bisibisi nyembamba, akaitia kitasani, akageuza; mlango ukafunguka. "Mpwa wangu," akasema, "hukutengeneza kitasa, umekiua. Mkoba wa bibi yako utakaa salama humu?" Niliona haya sana.

Tukaanza upya. Tulinunua vitasa viwili vibovu vya aina ile ile, tukatoa vibamba vyake tukavipanga juu ya kitambaa cheupe, kwa kuwa springi zake ni ndogo na hurukaruka. Tukautia ufunguo wa babu katika kiini, tukajaribu kibamba kimoja kimoja kila nafasi, tukiacha kile tu kilicholala sawa na uso bila kuguswa na tupa. Kazi hiyo ilituchukua alasiri nzima. Mwishowe tukapaka unga wa grafaiti badala ya mafuta, kwa sababu mafuta hukusanya vumbi. Ufunguo wa babu ukafungua. Ule wa muuza vipuri ukakataa, na bisibisi nayo ikakataa.

Sasa natuingie katika hesabu. Tuseme kitasa kina vibamba 5, na kila kibamba chaweza kuwa cha kimo kimoja kati ya 4. Namna za funguo ni 4 × 4 × 4 × 4 × 4, yaani 1,024. Nilipovisugua vibamba vitatu, vilivyobaki vya kuulinda mlango vilikuwa viwili tu: 4 × 4, yaani 16. Ndiyo maana bisibisi haikupata taabu.

Nimejifunza kwamba kitasa hakisifiwi kwa kufunguka, husifiwa kwa kukataa. Nawasihi pia, anayejua siri ya vitasa asiguse kitasa cha mtu pasipo ruhusa ya mwenyewe. Bibi sasa ana ufunguo mmoja, ameufunga penye pindo la kanga yake.