Mtoto Wetu Ameitwa Ng'ambo Kujifunza Kazi: Kikundi Kifanye Nini?



Kikundi kimoja cha akina mama wanaolima kando ya mto Tana kilitujia na jambo. Kijana wa mwanachama wao anasomea uhandisi wa mitambo chuo kikuu. Mtu mmoja mjini alimwambia kuna nafasi ya miezi mitatu katika kiwanda huko Ulaya, lakini pesa zitolewe wiki hiyo hiyo, taslimu, mkononi mwake. Akina mama walikuwa tayari kuuza mbuzi. Wakatuuliza, "Nyinyi mwaonaje, tutoe ama tusitoe?"

Tuanze na maana ya jambo lenyewe. Mhandisi hafundishwi na vitabu peke yake. Lazima aingie kazini, ashike mashine, aone pampu ikikwama na ajue kwa nini imekwama. Haya ndiyo mafunzo ya viwandani, au atachimenti kama vijana wasemavyo. Wengi huyafanya hapa hapa Kenya. Wachache hupata nafasi nchi nyingine.

Njia moja ya kweli ni shirika la IAESTE. Lilianzishwa London mwaka 1948 na nchi 10 za Ulaya, Vita Vikuu vya Pili vikiwa vimeisha juzi tu. Siku hizi Kenya nayo imo, na ofisi yake iko Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, Juja.

Linafanya kazi kama ayuuto yenu, ule mchezo wa kuzungushiana pesa. Kampuni ya Kenya ikimpokea mwanafunzi wa Ujerumani, kwa mfano, mwanafunzi wetu naye hupata pa kwenda. Asiyetoa hapokei. Huko aendako, mwajiri humpa posho ya chakula na malazi. Nauli, viza na bima ni juu ya mwanafunzi. Hapo ndipo kikundi huombwa harambee.

Kabla ya kutoa hata shilingi, ulizeni haya:

1. Je, chuo kinaijua barua hii? Mzazi na mwanafunzi waipeleke idara yake wenyewe.
2. Kiwanda kinaitwa nani, na atafanya kazi gani? Iwe ni kazi ya masomo yake, si kufagia tu.
3. Posho ni kiasi gani, na imeandikwa?
4. Viza ni ya mafunzo? Anayeingia kwa viza ya utalii akafanya kazi, anaweza kukamatwa na kurudishwa.
5. Anarudi lini kumaliza masomo?

Mkiridhika, lipeni nauli kwa wakala wa tiketi mwenye ofisi na risiti, si kwa mtu wa njiani. Kama ni mkopo, andikeni kwenye kitabu cha kikundi: nani atalipa, na lini.

Akina mama wetu walifanya hivyo. Chuo kilisema hakiijui ile barua. Yule mtu alipoulizwa, alizima simu. Mbuzi wamebaki zizini, na kijana amepata mafunzo yake katika karakana ya pampu, hapa nchini. Haraka haraka haina baraka.

Wapendwa, tusidhani ujuzi uko ng'ambo tu. Mitambo ya umeme wa jua ya Garissa, yenye megawati 50, ilijengwa na kampuni ya China na kuzinduliwa Disemba 2019. Ulimwengu ulikuja mlangoni petu. Kijana aliyeomba nafasi karibu na nyumbani, akaimaliza vizuri na kupewa barua ya sifa, huwa na la kuonyesha siku ya kuomba ya mbali.

Jadilianeni katika kikundi:

- Ni kazi gani za mitambo, maji au umeme ziko karibu nasi? Nani ataenda kuwaombea vijana nafasi?
- Je, msichana anayesomea uhandisi tutamchangia sawa na mvulana?
- Tukiombwa harambee ya safari kesho, nani kati yetu atapeleka ile barua chuoni?