Chakula Kinapokuwa Dawa, Nani Alipe?

Ukiugua malaria hupewa dawa. Lakini yako magonjwa ambayo dawa yake ni chakula. Leo tujifunze ugonjwa mmoja wa namna hiyo, na shida wanayoipata wazazi wa Marekani katika kuulipia.

Ugonjwa wenyewe

Ugonjwa huu unaitwa fenilketonuria. Kwa kifupi huitwa PKU. Hauambukizi, wala hautokani na uchawi. Ni ugonjwa wa kurithi. Baba na mama huweza kuwa wazima, lakini kila mmoja ana kasoro iliyojificha mwilini. Mtoto akirithi kasoro hiyo kwa wote wawili, huugua.

Nyama, samaki, mayai, maziwa na maharage vina protini. Protini hujenga mwili. Ndani yake mna kitu kiitwacho fenilalanini. Ini la mwenye PKU haliwezi kukibadilisha kitu hicho. Basi hujaa katika damu na kuharibu ubongo. Mtoto huzaliwa akionekana mzima. Asipotibiwa mapema, akili yake hudumaa.

Dawa yake

Mwaka 1934 daktari Asbjørn Følling wa Norwe aliutambua ugonjwa huu. Katika miaka ya 1950, daktari Horst Bickel na wenzake huko Birmingham, Uingereza, walianza kuutibu kwa chakula maalumu. Katika miaka ya 1960, Robert Guthrie wa Marekani alileta kipimo rahisi. Mtoto mchanga hutobolewa kisigino, na matone machache ya damu hupimwa.

Mtoto mgonjwa hupewa unga maalumu wa kukoroga na maji. Unga huo hujenga mwili bila kumletea fenilalanini. Chakula chake kingine hupimwa. Akifuata masharti tangu uchanga, hukua vizuri, husoma na kufanya kazi kama wenzake. Masharti hayo ni ya maisha yote.

Nani alipe?

Unga huo ni ghali. Hapo ndipo inapoingia bima ya afya. Bima ni mchango. Watu wengi hulipa wakiwa wazima, ili anayeugua alipiwe matibabu.

Huko Uingereza, daktari huandika chakula cha PKU katika cheti, kama anavyoandika dawa. Mtoto hupewa bila malipo.

Marekani ni tofauti. Kabla ya mwaka 1972, serikali iliuhesabu unga wa PKU kuwa dawa. Mwaka huo iliuhesabu kuwa chakula, ili upatikane kwa urahisi. Nia ilikuwa njema. Lakini ziko kampuni za bima zinazokataa kulipa. Husema kuwa kazi yao ni kulipia dawa, si chakula.

Majimbo mengi yametunga sheria za kuzitaka kampuni zilipe. Lakini sheria hizo hazilingani. Ziko zinazoweka kikomo cha fedha kwa mwaka. Ziko zinazoweka kikomo cha umri. Tena, waajiri wanaolipia wenyewe matibabu ya wafanyakazi wao hawafungwi na sheria hizo za majimbo. Basi watoto wawili wana ugonjwa mmoja. Mmoja hulipiwa, mwenzake halipiwi.

Kikomo cha umri kina hatari yake. PKU haiishi mtu akikua. Mwanamke mwenye PKU akipata mimba bila kufuata masharti ya chakula, mtoto aliye tumboni anaweza kudhurika ubongo na moyo, hata kama hakuurithi ugonjwa.

Tujifunze nini?

Kwanza, usimnyime mtoto wako mayai, samaki au maharage kwa sababu ya habari hii. Mtoto asiye na PKU anavihitaji sana. Masharti haya hutolewa na daktari baada ya kupima damu.

Pili, ukitaka kujiunga na bima yoyote, uliza mapema. Inalipia nini? Hailipii nini? Inalipia mpaka umri gani? Sasa unajua kusoma. Soma masharti yote kabla ya kutia sahihi. Neno moja, "dawa" au "chakula", linaweza kuamua kama mtoto atatibiwa.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini mtoto mwenye PKU huonekana mzima anapozaliwa, lakini anahitaji kupimwa mapema?
2. Bima ya afya ni nini?
3. Je, chakula kinachotibu kilipiwe kama dawa? Toa sababu zako.