Kunyonya Majitaka Nyumbani: Mapatano Kabla ya Kazi Kuanza

Sehemu kubwa ya nyumba katika miji ya Tanzania haijaunganishwa na mtandao wa umma wa majitaka. Majitaka yake huishia katika choo cha shimo, au katika tangi la septiki linalofuatiwa na karo. Mwenye nyumba ya namna hiyo hana budi, kila baada ya miaka kadhaa, kumtafuta mtu wa kuja kunyonya au kuzibua. Kwa kuwa jambo hilo hutokea kwa nadra, na aghalabu siku ambayo choo kimekwisha kufurika na wageni wamo ndani, mteja hupatana kwa haraka na kulipia asichokijua. Anachopaswa kukinunua ni uchafu kuondolewa nyumbani kwake na kufikishwa mahali unapotibiwa, pasipo mtu yeyote kudhurika. Somo hili linaeleza namna ya kuhakikisha kwamba hicho ndicho anachokipata.

Je, tangi limejaa kweli?

Wapo mafundi ambao huinua mfuniko, wakamwonyesha mwenye nyumba maji yaliyofika juu, wakamwambia tangi limejaa. Mteja afahamu kwamba tangi la septiki lililo zima huwa na maji wakati wote hadi usawa wa bomba la kutokea; ndivyo lilivyokusudiwa kufanya kazi. Kinachopimwa ni tope lililotuama chini na utando wa mafuta unaoelea juu. Vikijumlishwa vikafikia theluthi moja ya kina cha maji, wakati wa kunyonya umewadia. Fundi anayeijua kazi yake hupima kwa mti mrefu uliozungushiwa kitambaa cheupe: huutumbukiza hadi chini, huuacha kwa dakika chache, kisha huutoa polepole na kusoma urefu wa alama nyeusi. Mwombe afanye hivyo mbele yako kabla ya kutaja bei.

Hesabu ndogo itasaidia. Tangi lenye urefu wa mita 2, upana wa mita 1.5 na kina cha maji cha mita 1.5 hubeba lita 4,500. Tukikadiria kuwa kila mtu huongeza lita 40 za tope kwa mwaka, nyumba ya watu 6 huongeza lita 240, na theluthi ya tangi, yaani lita 1,500, hufikiwa baada ya miaka 6 hivi. Mafuta ya kupikia, mchanga, nepi na taulo za kike hufupisha muda huo, wakati mwingine kwa nusu. Hata hivyo, anayerudi kila mwaka akisema tangi limejaa anastahili kuulizwa maswali.

Karo lina habari yake. Kazi yake ni kupitisha maji ardhini, hivyo likijaa, ama udongo umeziba ama maji ya ardhini yamepanda. Katika maeneo ya mabondeni wakati wa masika, karo lililonyonywa leo hujaa tena baada ya siku chache kwa maji ya ardhini yenyewe. Kulipia safari ya pili na ya tatu katika hali hiyo ni kulipia maji ya mvua. Zaidi ya hayo, shimo lisilojengewa kuta likikaushwa huku ardhi imelowa, kuta zake huweza kuporomoka.

Bei kwa safari au bei kwa kazi

Bei ya gari hutajwa kwa safari, na hapo ndipo ugomvi mwingi unapoanzia. Uliza ujazo wa tangi la gari kwa lita. Gari la lita 5,000 litamaliza tangi la mfano wetu kwa safari moja. La lita 3,000 litahitaji safari mbili, na bei iliyoonekana nafuu itakuwa imepanda. Pima pia umbali kutoka mahali gari litakaposimama hadi kwenye chemba, kwa kuwa mpira usipofika utadaiwa nyongeza wakati kazi imekwisha kuanza na huna tena nguvu ya kukataa. Pataneni kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu.

Uchafu unakwenda wapi?

Hili ndilo swali ambalo wateja wengi hawaliulizi, pengine kwa kudhani kwamba wajibu wao unakoma getini. Jijini Dar es Salaam, miongoni mwa mahali palipotengwa kupokea majitaka yanayoletwa kwa magari ni mabwawa ya Vingunguti. Safari ya kwenda huko hugharimu mafuta, muda na ada. Anayetoza bei ndogo mno kuliko wenzake huenda hakusudii kufika. Dai kuona kibali chake cha kutoa huduma, andika namba ya gari, na mwekeane sharti kwamba sehemu ya malipo itatolewa baada ya kukuletea stakabadhi ya kumwaga.

Kuhusu kutapisha choo, yaani kukifungulia mvua inyeshapo ili uchafu uchukuliwe na maji, au kuchimba shimo jirani na kuuhamishia humo, hapana nafasi ya kusitasita. Uchafu huo huishia katika visima na nyua za majirani. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 na kuenea katika mikoa mingi ulitukumbusha jinsi ugonjwa huo unavyosafiri kwa maji. Aliyemlipa mtu kutapisha ameshiriki, hata kama hakuinua chepeo.

Mtu asiingie shimoni

Katika mitaa isiyofikiwa na magari, kazi hufanywa na vijana wenye ndoo na kamba, waitwao vyura mahali pengine. Wengi wao ni watu wa mtaani ambao mteja anawafahamu kwa majina, na huona haya kuwawekea masharti. Sharti moja ni la lazima: hakuna anayeteremka ndani. Shimo la majitaka huzalisha hewa ya haidrojeni salfaidi, ambayo ni nzito kuliko hewa ya kawaida na hutuama chini. Ikiwa kidogo hunuka kama mayai viza. Ikizidi, huua uwezo wa pua kunusa, hivyo harufu kutoweka si dalili ya usalama. Anayezidiwa huanguka bila kupiga kelele, na anayeruka kumwokoa humfuata. Mtu akianguka, zuia wengine wasiingie na ita zimamoto.

Humo mna pia methani, ambayo huwaka. Kwa hiyo usiruhusu mshumaa, sigara, wala mafuta ya taa ambayo baadhi humwaga ili kupunguza harufu.

Njia mbadala kwa uchochoro mwembamba ipo. Pampu ya mkono iitwayo Gulper huvuta tope kutoka juu hadi kwenye mapipa yenye vifuniko, na mapipa hubebwa kwa guta. Ulizia ofisi ya mtaa au mamlaka ya maji kama kuna kikundi chenye kibali katika eneo lako. Wafanyakazi wawe na glovu, buti na barakoa. Kama hawana, jadilini bei itakayowawezesha kuwa navyo.

Huduma ikiharibika

Anza kwa kulalamika kwa mtoa huduma mwenyewe kwa maandishi, ukitaja tarehe, namba ya gari na kiasi ulicholipa. Uchafu uliomwagwa mtaani uripotiwe mara moja kwa afisa afya wa kata, bila kusubiri majibu ya mtoa huduma. Ikiwa gari ni la mamlaka ya maji na hukuridhika na majibu yake, malalamiko yapelekwe EWURA. Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji litakusaidia kuyaandaa. Ambatisha stakabadhi na nakala ya ujumbe wa mapatano.